Shahidi wa Tatu wa Jamhuri

Kijiji kizima cha Ziba kilimjua Koleta Luhende kwa mambo mawili: ng'ombe wake na mdomo wake. Ng'ombe walikuwa thelathini na mmoja. Mdomo ulikuwa mmoja, ila ulifanya kazi ya watu kumi. Mwenyekiti wa kitongoji akimwona anaingia mkutanoni alikuwa anakunja karatasi zake mapema, maana alijua habari ya bwawa itazungumzwa hata kama haimo kwenye ajenda. Mumewe, Nestory, mtu wa maneno machache, alizoea kusema kwamba alikwenda kuposa mke akapewa redio. Koleta alicheka kila mara, kisha akaendelea kusema.

Ng'ombe hawakuwa wa urithi. Alianza na mitamba wawili, ujira wa kulima majaruba ya mpunga ya mtu mwingine kwa misimu mitatu, matope magotini. Nestory alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni akavunjika nyonga, Koleta alichukua fimbo akawa anachunga mwenyewe. Wanaume walimcheka. Mwaka wa pili kicheko kikaisha, mwaka wa nne wakaanza kumwomba dume lake kwa ajili ya majike yao. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kila ng'ombe alikuwa na jina. Aliyempenda kuliko wote ni Kadogo, jike jekundu mwenye pembe moja iliyopinda, aliyekuwa akimfuata mpaka mlango wa jiko kama mtoto anayetaka uji.

Mwezi wa nane, mwaka juzi, zikaja habari kwamba homa ya mapafu ya ng'ombe imeonekana upande wa Nzega. Kampuni moja ya mjini Tabora ilikuwa imepewa kazi ya kusambaza chanjo vijijini, na Ziba ikapangiwa Jumanne. Aliyekuja ni mchanjaji mmoja aitwaye Wilbroad, mtu wa miaka thelathini na mbili, mkazi wa Ipuli, Tabora mjini, juu ya pikipiki yenye boksi kubwa la bluu nyuma. Koleta alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa amekwisha kuwafungia ng'ombe wake kwenye kibanio cha miti tangu alfajiri.

Wilbroad alipofungua boksi, Koleta alichungulia. Hakuna barafu. Chini kulikuwa na maji yaliyotulia, na vichupa vya dawa vinaelea humo.

"Barafu iko wapi, baba?" aliuliza.

"Imeyeyuka, mama. Joto la njiani. Lakini nilipowauliza ofisini waliniambia chanjo ya safari hii inavumilia."

"Nani kakwambia?"

"Msimamizi mwenyewe."

Koleta aliguna. Alikuwa na swali jingine, lakini watu wa nyuma walikuwa wanapiga kelele, ng'ombe wanasukumana, na yeye mwenyewe alitaka kazi iishe. Akainua mkono kwamba endelea. Ng'ombe wote thelathini na mmoja wakachanjwa.

Baada ya wiki tano Kadogo akaanza kukohoa. Siku ya tatu alisimama katikati ya zizi, shingo kaivuta mbele, viwiko kavitanua nje, mgongo kaukunja juu, anatafuta pumzi kama mtu aliyefunikwa blanketi. Alikufa Alhamisi. Wakafuata wengine, wawili leo, mmoja kesho, wanne siku ya Jumapili wakati watu wako kanisani. Ikatoka amri kwamba nyama isiliwe wala kuuzwa, mizoga ichimbiwe mashimo marefu na kuchomwa. Koleta alichimba na majirani zake mpaka viganja vikapasuka. Kwake walikufa ishirini na wanne. Kijiji kizima hakuna aliyejua kwa uhakika ni wangapi, maana wengine walichoka kuhesabu. Moshi ulikaa juu ya Ziba majuma matatu, na harufu yake iliingia mpaka kwenye unga.

Katika siku hizo za moshi, Wilbroad alirudi. Safari hii hakuwa na boksi. Alikuja kuona kwa macho yake, na hilo ndilo kosa lililomponza, maana watu walikuwa wanamtafuta mtu wa kumshika. Walimwona kwenye njia ya bwawani wakamzunguka na fimbo. Koleta alikuwa mbele. Aliokota bonge la udongo mkavu akalirusha kwa nguvu zake zote, likampata kwenye helmeti likapasuka.

"Nisikilizeni!" Wilbroad alipiga kelele huku anarudi nyuma. "Nimeuliza ghalani! Kuna kitu hakiko sawa ghalani!"

"Ghala lilikuja huku kuchoma sindano?" Koleta alimjibu. "Ni mkono wa nani uliochoma?"

Wilbroad akawasha pikipiki akakimbia. Watu walishangilia, na Koleta alishangilia nao.

Alichokifanya Wilbroad baada ya hapo, Ziba ilikisikia baadaye kupitia simu. Alirudi kwenye ghala la kampuni, akalifungua daftari linaloandikwa joto la majokofu kila siku, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Jokofu la chanjo lilikuwa limezima kwa siku kumi na moja. Aliyeliandika hilo alikuwa ameweka na saini, na chini yake palikuwa na saini ya msimamizi, kuonyesha kwamba amesoma. Kisha chanjo ile ile, iliyokwisha kufa, ikapakiwa kwenye maboksi na kupelekwa vijijini. Wilbroad alirekodi sauti yake kwa dakika saba, akaeleza kila kitu kwa jina lake kamili, akaituma pamoja na zile picha. Ilizunguka kwenye magrupu ya wafugaji kutoka Igunga mpaka Kahama. Kabla wiki haijaisha alikuwa mahabusu.

Koleta hakuisikiliza ile sauti. Aliletewa simu mara mbili akaisukuma. Alikuwa amekwisha kuamua nani kaua ng'ombe wake, na uamuzi ule ulimpa mahali pa kuweka hasira, kama mtu anavyopata kigingi cha kufungia kamba.

Ndipo likaja gari jeupe. Akashuka Erasmus, msimamizi wa kampuni, mtu mnene mwenye sauti laini. Aliamkia vizuri, akampa Nestory mkono kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda bila kukifuta.

"Mama, pole sana kwa msiba huu. Nasikia wewe ndiye uliyeliona boksi la yule bwana."

"Niliona."

"Lilikuwa na barafu?"

"Halikuwa nayo."

"Basi njoo mahakamani useme hivyo hivyo tu. Usiongeze, usipunguze. Ukweli wako unatosha."

Ukweli wako unatosha. Koleta aliyaona ni maneno ya heshima. Siku ya kesi alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda kizimbani akiwa shahidi wa tatu wa Jamhuri, akaapa kwa Biblia. Mwendesha mashtaka alimwuliza kama boksi lilikuwa na barafu. Halikuwa nayo. Alimwuliza nani alikuwa amelibeba. Koleta akanyoosha kidole: "Yule pale." Alimwuliza kama mshitakiwa aliendelea kuchanja baada ya kuulizwa habari ya barafu. Aliendelea.

"Ila alisema kwamba ameambiwa na..."

"Inatosha, mama. Jibu ulichoulizwa."

Na Koleta Luhende, ambaye mwenyekiti wa kitongoji hakuwahi kumnyamazisha hata siku moja, alifunga mdomo akakaa chini. Aliufunga kwa sababu moja tu. Alitaka yule mtu afungwe.

Akafungwa. Miaka mitatu: uzembe ulioharibu chanjo, na kusambaza taarifa za uongo dhidi ya kampuni. Koleta aliporudi Ziba jioni ile alichinja kuku.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja, jua bado la chini, mwanamke mwembamba mwenye mkoba wa turubai alisimama nje ya ua wa Koleta akapiga hodi.

"Mwangaluka," alisalimia kwa lugha ya nyumbani, halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Watokea wapi?"

"Ipuli. Naitwa Josepha. Mimi ni mke wa Wilbroad."

Koleta alikuwa na kata ya maji mkononi. Aliishika hivyo hivyo, bila kumpa mgeni na bila kuirudisha kwenye mtungi. Ni Nestory aliyechechemea na mkongojo wake, akaichukua kata kutoka mkononi mwa mkewe, akampa mgeni anywe.

Josepha alikunywa yote. Alikuwa fundi cherehani, vidole vyake vina alama za sindano. Koleta alijiandaa kwa machozi, akayawekea na majibu kabisa. Machozi hayakuja.

"Sikuja kukuomba kitu," alisema Josepha. "Nimekuja kukuuliza. Mahakamani ulisema boksi halikuwa na barafu. Ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Mume wangu naye alisema halikuwa na barafu. Hamkubishana hapo. Sasa mama, yule aliyempa boksi lisilo na barafu, akamwambia nenda tu inavumilia, ni nani? Maana ulitaka kulisema ukakatizwa. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, nilikusikia ukianza."

Koleta aliipokea kata tupu akaifunika juu ya mtungi.

Josepha akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka juu ya kigoda, akabonyeza. Ilikuwa ile sauti ya dakika saba. Koleta aliisikiliza yote akiwa amesimama. Ilitaja siku kumi na moja, ikataja saini, ikataja Erasmus. Karibu na mwisho Wilbroad alisema, "Na watu wa Ziba, hasa yule mama aliyeniuliza habari ya barafu, naomba wajue kwamba aliuliza swali sahihi, na mimi nilimpa jibu la kuambiwa. Nilipaswa kugoma pale pale. Hilo ni langu. Lakini la ghalani si langu."

Simu ilipozima, kuku walikuwa wanaparura kando ya mtungi, na hakuna aliyewafukuza.

Hasira ina tabia ya kutafuta njia. Ile iliyokuwa imefungwa kwa Wilbroad ilikatika kamba hapo hapo, ikazunguka ua mzima. Ilimwendea Erasmus na sauti yake laini. Ilimwendea mwendesha mashtaka na "inatosha mama" yake. Kisha ikarudi nyumbani ikaingia kifuani mwa Koleta mwenyewe na kukaa humo, maana alikumbuka yule kuku, na jinsi alivyomla mpaka akafyonza mifupa.

"Jumamosi ijayo kuna mkutano Tabora," alisema Josepha huku anafunga mkoba. "Wa kumtetea. Tuna kibali. Sikwambii uje. Nakwambia mkutano upo."

Alipoondoka, Nestory alisema neno moja: "Utakwenda."

"Nitakwenda," alijibu Koleta. "Na wewe ulijua nilichosikia siku ile ya chanjo. Nilikusimulia. Mbona hukuniambia kitu nilipoitwa mahakamani?"

Nestory aliangalia mguu wake. "Nilikuambia. Nilikuambia mara mbili. Ulikuwa unaongea."

Jumamosi aliteremka kituoni Tabora saa tatu asubuhi, na kitenge kile kile cha Pasaka. Watu walikuwa wanakusanyika kwenye njia panda ya Kitete, ambako maandamano yangeanzia kuelekea uwanja wa wazi wa Ipuli. Alitarajia umati. Aliona watu kama mia mbili: wafugaji kutoka Nzega na Igunga na fimbo zao, wanakwaya wa parokia ya Josepha, mafundi cherehani wenzake, wanafunzi wachache wa vyuo wenye mabango. Bango moja liliandikwa KUSEMA KWELI SI KOSA. Jingine lilikuwa na picha ya Wilbroad na chini yake neno moja, MWACHENI. Pembeni yalisimama magari mawili ya polisi, askari wamekaa kivulini wakiangalia saa.

Msichana mmoja alimpa Koleta fulana yenye picha ya Wilbroad aivae. Aliitazama ile sura iliyochapwa, akaikunja, akaiweka kwapani. Hakujiona ana haki ya kuivaa.

Wakatembea. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu linapanda mpaka kwenye kope. Wenye maduka walitoka barazani kuwaangalia. Wengine walipunga mikono, wengine walirudi ndani haraka na kushusha mapazia. Mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa aliwatolea ndoo ya maji na vikombe viwili, akasimama kando. Wakaimba. Koleta hakuimba. Kila waliposema "Mwacheni Wilbroad" aliisikia ile "Yule pale" yake ikimjibu kichwani, na kidole chake kikamwasha kweli kweli, kama kimechomwa.

Uwanjani kulikuwa na jukwaa la mbao, spika mbili na viti sita vya plastiki. Kiti cha katikati kilikuwa na kitambaa, na juu yake alikaa mheshimiwa mmoja aliyewahi kugombea udiwani akashindwa na sasa anajiandaa kugombea tena. Hakuwa ametembea nao. Alikuja na gari. Alipopewa kipaza sauti alianza na misafara ya zamani.

"Ndugu zangu wa Tabora! Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani! Walibeba mizigo ya wageni mabegani, miezi mitatu kwa miguu! Na leo, ndugu zangu, sisi wajukuu wao..."

Akaendelea. Aliitaja njia ile ya misafara, akajitaja yeye, akataja barabara aliyoipigania, akajitaja tena. Babu mzaa babu wa Koleta alikuwa mpagazi kweli, alikufa akiwa na kovu la mzigo shingoni, na Koleta alifikiri kwamba marehemu yule naye angependa mtu huyu akae chini. Alitazama saa ya jirani yake. Dakika kumi na saba, na jina la Wilbroad halijatajwa hata mara moja. Mbele yake, Josepha alikuwa amekaa chini mavumbini. Mke wa mfungwa hakuwa amepewa kiti.

Hapo ndipo Koleta alipoanza kusukuma watu.

"Samahani. Nipishe. Nipishe, baba."

Alipanda ngazi za jukwaa akaenda moja kwa moja kwa mheshimiwa, akanyoosha mkono. Mheshimiwa alidhani anataka kusalimiwa, akampa mkono wa kulia, na Koleta akachukua kipaza sauti kwenye ule wa kushoto.

"Keti, baba, umechoka," alimwambia. Watu wakacheka. Akawageukia. "Msicheke. Sikuja kuchekesha. Naitwa Koleta Luhende, natoka Ziba. Mimi ndiye shahidi wa tatu wa Jamhuri. Mimi ndiye niliyemfunga Wilbroad."

Kicheko kikakatika.

"Niangalieni vizuri. Ndiyo sura yenyewe. Niliapa kwa Biblia kwamba nitasema kweli yote, nikasema nusu. Nilisema boksi halina barafu. Hiyo ni kweli, mpaka leo ni kweli. Lakini siku ile nilimwuliza, na akanijibu kwamba msimamizi wake amemwambia inavumilia. Msimamizi! Nilianza kulisema hilo, nikaambiwa inatosha. Nikanyamaza. Waulizeni watu wa Ziba kama mimi ni mtu wa kunyamaza."

"Hapana!" mtu mmoja wa Igunga alipaza sauti.

"Nilinyamaza kwa kutaka! Ng'ombe wangu ishirini na wanne wamo shimoni, nikataka mtu yeyote alipie, na wao wakaniletea mtu. Wakamfuata mwanamke mwenye msiba, wakakaa kwenye kigoda chake, wakamwambia ukweli wako unatosha. Hawakunifundisha uongo. Wangenifundisha uongo ningewafukuza na fimbo. Walichukua kweli yangu wakaikata mahali walipopataka! Sasa nauliza. Jokofu lilizima siku kumi na moja. Aliyelizima yuko wapi? Aliyetia saini kwamba ameona yuko wapi? Nyumbani kwake! Anakula! Na aliyesema jamani jokofu limezima, huyo ndiye yuko ndani! Mnataka nini, tuchanje ng'ombe kwa maji ya bwawa halafu tuseme asante? Kesho muuguzi akiona dawa ya mtoto imeharibika atasema? Hatasema! Ameona kilichompata mwenzake!"

Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka inakwaruza spika. Hakulia. Angependa kulia, lakini hasira ilikuwa imekausha kila kitu.

"Josepha," alisema, "simama, mama. Njoo ukae hapa." Akakivuta kile kiti chenye kitambaa. Mheshimiwa, ambaye alikuwa bado hajarudi kukikalia, alibaki amesimama.

Ofisa wa polisi alikuwa amekwisha kupanda. Alikuwa mtu mzima, mvi masikioni, na alionekana kuwa angefurahi zaidi kuwa mahali pengine. "Mama, muda wa kibali umekwisha."

"Kibali kinasema saa sita. Sasa ni saa tano na dakika kumi."

"Muda umekwisha," alirudia, na mtu fulani nyuma ya jukwaa akachomoa waya. Spika zikafa. Watu wakapiga mayowe, fimbo zikainuka, askari wakashuka kwenye magari yao. Kwa dakika moja ilionekana kwamba damu itamwagika. Josepha ndiye aliyeituliza. Alisimama juu ya kile kiti, akaanza wimbo wa kanisani wa taratibu, na wanakwaya wakaupokea, na wafugaji ambao hawakuujua wakaguna nao. Fimbo zikashuka moja moja.

Koleta alichukuliwa kituoni. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimkalisha kwenye benchi mpaka alasiri, kisha ofisa yule mwenye mvi akaja na karatasi.

"Unajua unaweza kushitakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo?"

"Ndiyo maana nimekuja. Andika."

"Niandike nini?"

"Hiyo nusu nyingine. Andika polepole, kisha utanisomea ulichoandika."

Aliandika kurasa mbili na nusu. Koleta alimfanya arekebishe mahali pawili. Jioni wakamwachia. Nje alikuwa anasubiriwa na Josepha pamoja na wakili wa rufaa, mwanamke kijana aitwaye Agnetha, ambaye alikuwa amekwisha kuandaa hati ya kiapo ikimngoja aitie saini tu. Koleta aliisoma yote, mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole, kabla ya kugusa kalamu. Tangu siku ya kizimbani hakuwa na haraka tena na maneno yanayoandikwa kwa jina lake.

Haikwenda kama walivyotaka. Ziba, baadhi ya watu waliacha kumsalimia. Walisema amenunuliwa, na mmoja alimwambia usoni kwamba anayetetea muuaji wa ng'ombe hana haja ya kuwa na ng'ombe. Koleta alimjibu kwa muda wa nusu saa. Rufaa ilisikilizwa baada ya miezi mitano. Jaji aliona kwamba shahidi wa tatu alikatizwa katika jambo la msingi, akafuta hatia ya uzembe. Hatia ya kusambaza taarifa akaiacha, akapunguza kifungo kikawa miezi kumi na minane. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, Wilbroad hakuharibu chanjo, ila alikosea kusema nani aliyeiharibu. Erasmus alihamishiwa mkoa mwingine kwa cheo kile kile. Kampuni iliendelea na kazi.

Jumapili iliyofuata Koleta alikwenda gerezani na Josepha. Hapo ndipo alipomwona Wilbroad kwa mara ya kwanza tangu alipomnyooshea kidole. Amekonda. Waya wa dirisha la wageni ulimkata uso vipande vipande.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie. Nimekuja kuomba radhi, siwezi kuomba radhi huku naamkiwa."

"Ulisema ulichoona, mama. Yameisha."

Koleta alishika ule waya. "Hayajaisha! Usinisamehe haraka hivyo, kama unamsamehe mtu aliyekukanyaga sokoni. Nilisema nusu kwa makusudi, na nilikula kuku siku uliyofungwa. Nataka ujue unachosamehe."

Wilbroad alisogea karibu na waya. Kisha sura yake ikabadilika, ule upole ukatoka kama barakoa iliyochoka.

"Basi nikwambie," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuchukia. Kuliko Erasmus. Erasmus nilijua ni nani. Wewe nilikuona unaanza kulisema, nikamshukuru Mungu, halafu nikakuona unakaa chini. Mwezi mzima nilikuwa nakuona unakaa chini."

"Eeh," alisema Koleta. "Hapo sawa. Endelea."

Aliendelea mpaka askari akagonga mlango kwamba muda umekwisha. Koleta hakumkatiza hata mara moja. Josepha alisema baadaye kwamba tangu mumewe afungwe hakuwahi kumsikia akiongea namna ile.

Koleta hakurudi Ziba siku hiyo. Alilala Ipuli kwa Josepha, na Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye ofisi inayotoa kazi ya chanjo, akitaka kuambiwa kwa maandishi kwa nini kampuni ile bado inasambaza. Karani alimwambia mkubwa hayupo, aje kesho. Koleta akakaa kwenye benchi la mapokezi, akafungua kitambaa chake cha viazi na karanga, akauliza ofisi inafungwa saa ngapi.